Mji una wenyewe

Kwa majuma mawili sauti mliyoisikia katika dakika hizi haikuwa yangu, na ninamshukuru mwenzangu aliyenishikia zamu. Nilikuwa safarini. Nilikwenda Dubrovnik, mji wa bandari ulioko Kroatia, kwenye Bahari ya Adriatiki, ambayo ni mkono wa Bahari ya Mediterania unaopenya kati ya Italia na nchi za Balkani. Mtauliza, mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anatafuta nini huko, kwani kwao hakuna bahari? Swali ni la haki, na nitalijibu kabla hatujaagana.

Kwanza niwaambie kwamba niliondoka na mzigo, na simaanishi mkoba. Juma moja kabla ya safari kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Lamu. Nyumba ya marehemu babu yetu, iliyoko mtaa wa Mkomani, imepata mnunuzi. Ni mgeni wa ng'ambo, ana fedha taslimu, na anataka kuigeuza nyumba ya kulaza watalii. Sisi warithi tuko saba. Watano wamekubali, mmoja amekataa katakata, na nilibaki mimi. Nikamwambia, "Kaka, nipe muda, nikirudi nitakujibu." Akacheka, akasema, "Haya, nenda kawaulize Wazungu."

Basi nilikwenda na neno hilo sikioni.

Nilifika Dubrovnik kwa basi kutoka Split, safari ya saa nne hivi kando ya bahari. Njiani tulipita juu ya daraja la Pelješac, lenye urefu wa kilomita 2.4, lililofunguliwa mwezi Julai 2022. Kijana niliyeketi naye akaniambia nisisinzie, nilitazame vizuri, maana limejengwa kwa sababu ya mapatano ya mwaka 1699. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Zamani hizo Dubrovnik, iliyojulikana pia kwa jina la Ragusa, ilikuwa jamhuri ndogo iliyojiendeshea mambo yake, na mshindani wake mkubwa alikuwa Venice, aliyetaka biashara yote ya bahari ile iwe yake. Wazee wa Dubrovnik wakaona heri wamwachie Sultani wa Uturuki kipande cha pwani yao, penye kijiji cha Neum, ili Mturuki akae katikati na majeshi ya Venice yasipate njia ya kuwaingilia kwa nchi kavu. Kipande hicho leo ni cha Bosnia na Herzegovina, na ndicho mlango pekee wa nchi hiyo baharini. Kimeikata Kroatia mapande mawili, hata msafiri wa kutoka Split kwenda Dubrovnik kwa njia ya pwani akawa hana budi kuvuka mipaka miwili ili afike katika nchi ile ile aliyotoka, mpaka daraja lilipojengwa.

Tazama jinsi saini ya wazee inavyoweza kuwafunga vitukuu. Nikakumbuka ile karatasi inayoningoja Lamu, usingizi ukaniruka.

Mji wa kale wa Dubrovnik uko juu ya mwamba, na ukuta wa mawe umeuzunguka pande zote. Ukiuzunguka wote kwa juu utakuwa umetembea karibu kilomita mbili, na mahali pengine kimo chake chafikia mita 25. Ndani hamna gari hata moja. Njia kuu, waiitayo Stradun, ina urefu wa mita 300 hivi, nayo imetandazwa mawe ya chokaa ambayo nyayo za watu zimeyasugua karne baada ya karne hadi yanang'aa kama meza ya mwashi. Ikinyesha mvua, tembea kwa adabu! Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa mkondo wa maji, upande mmoja kisiwa na upande wa pili nchi kavu, na watu wa pande hizo mbili wakafukia mkondo wakawa mji mmoja.

Mwanzoni mwa njia hiyo, ukiingia tu langoni, kuna chemchemi kubwa ya duara yenye bomba 16, kila moja likitoka katika mdomo wa sura iliyochongwa. Ilijengwa mwaka 1438 na fundi wa kutoka Italia aliyeitwa Onofrio, baada ya kuvuta maji kutoka milimani umbali wa kilomita 12. Maji yangali yanatoka, tena ya kunywa, tena bure. Nikajaza chupa yangu. Baadaye nilipoona bei ya maji kwenye meza za mikahawa, nilimwombea dua Bwana Onofrio.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwenye umri uliopita miaka 70, katika moja ya vichochoro vya ngazi vinavyopanda kutoka Stradun kuelekea mlimani. Kiingereza chake na changu vilikutana njiani, tukaelewana. Nyumba yake ni nyembamba, ghorofa juu ya ghorofa, na jiko liko juu kabisa, chini ya paa. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia desturi hiyo ni ya zamani: moto ukizuka uanzie juu, nyumba yote isiungue, na moshi utoke upesi. Wasikilizaji, nilisimama pale ngazini nikashika ukuta. Nyumba ya babu yangu Mkomani, jiko lake liko wapi? Juu darini! Kichochoro chao ni cha watu wawili kupishana, na chetu ni cha watu wawili na punda. Tangu saa ile sikuwa mgeni kamili.

Asubuhi yake nikaanza kuzunguka, na nitawatajia vitu vitatu tu nilivyoviona, maana ndivyo vilivyonifundisha.

Cha kwanza ni mkono wa jiwe. Katika uwanja mwishoni mwa Stradun kuna nguzo yenye sanamu ya askari aliyeshika upanga, wanamwita Orlando. Ilisimamishwa mwaka 1418. Watalii humpiga picha usoni, lakini kitu cha kutazama ni mkono wake wa kulia, kutoka kiwiko mpaka kiganja. Urefu huo, sentimita 51.2, ndio uliokuwa kipimo halali cha nguo katika jamhuri nzima. Mfanyabiashara na mteja wakigombana juu ya kitambaa, huenda mbele ya Orlando wakapima. Ninyi mliolelewa na bibi zenu mnajua dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kipimo ambacho maduka ya nguo ya pwani yetu yalikitumia kabla ya mita. Lakini dhiraa ya nani? Muuzaji ana mkono mfupi, mnunuzi ana mkono mrefu. Wao waliumaliza ugomvi huo kwa kuuchonga mkono mmoja wa jiwe, usiokuwa wa tajiri wala wa maskini, wakausimamisha hadharani.

Hatua chache kutoka hapo ni jumba la Sponza, lililojengwa baina ya 1516 na 1522, ambalo lilikuwa forodha ya mji. Bidhaa zote ziliingia humo zipimwe na kulipiwa ushuru. Juu ya tao ilipokuwa mizani pamechongwa maneno ya Kilatini, na maana yake ni kwamba mizani yetu haituruhusu kudanganya wala kudanganywa, na kwamba ninapoipima bidhaa, Mwenyezi Mungu ananipima mimi. Nilisoma tafsiri yake mara tatu. Sitaki kuwataja watu wa mizani za barabarani na za bandarini, wala wale wa vibaba vyenye vitako vilivyobonyezwa ndani. Wanajijua.

Cha pili ni kasri la mkuu wa mji. Jamhuri hiyo ilitawaliwa na makabaila, wanaume watupu. Mtu wa kawaida hakuwa na kura, na mwanamke ndiyo kabisa. Hilo tuliseme wazi tusije tukawapamba. Lakini makabaila hao walikuwa wanaogopana, na woga wao ulikuwa na faida. Mkuu wa mji, waliyemwita Knez, alichaguliwa kwa mwezi mmoja. Nasema mwezi, sikusema mwaka! Katika mwezi huo alikaa katika kasri, wala haruhusiwi kutoka ila kwa shughuli za serikali, na usiku funguo za malango ya mji huletwa zikalazwa humo. Mwezi ukiisha, anarudi kwake, anaingia mwingine. Na juu ya mlango wa kuingilia chumba cha Baraza Kuu pameandikwa agizo la kuwataka wajumbe wasahau mambo yao binafsi, washughulikie ya umma.

Katika ua wa kasri hilo mna sanamu ya mtu mmoja, na huyo hakuwa kabaila. Anaitwa Miho Pracat, mwenye meli na mfanyabiashara wa kisiwa cha Lopud, aliyefariki mwaka 1607 akaiachia jamhuri mali yake. Mwaka 1638 wakamwekea sanamu. Katika miaka yote ya jamhuri, hakuna raia mwingine wa kawaida aliyetukuzwa namna hiyo. Makabaila walipita ofisini mia kwa mamia, mwezi kwa mwezi, wala ua haukujazwa sura zao.

Cha tatu kiko nje ya lango la mashariki, kando ya maji. Ni safu ya majengo marefu ya mawe yaitwayo Lazareti. Mwaka 1377, wakati tauni ilipokuwa ikifyeka miji ya Ulaya, Baraza la Dubrovnik lilipitisha sheria kwamba mtu anayetoka penye ugonjwa asiingie mjini mpaka akae kwanza mwezi mzima mahali pa kando, katika kisiwa kidogo cha Mrkan au mji wa Cavtat. Mwezi huo baadaye kwingineko ukawa siku arobaini, na katika neno la Kiitalia la arobaini ndimo lilimotoka neno karantini, ambalo mwaka 2020 lilituketisha sote majumbani. Majengo ya Lazareti yenyewe yalianzwa mwaka 1590 na kumalizika katika karne iliyofuata. Zingatieni busara yake. Mji uliishi kwa wageni na bidhaa. Kuufunga ni kufa njaa, na kuuacha wazi ni kufa kwa tauni. Wakatafuta njia ya katikati: mgeni karibu, lakini kwa masharti yetu.

Na mwaka 1416, Januari, Baraza lao lilipiga marufuku raia wake kufanya biashara ya watumwa. Lilisema ni biashara ya aibu, kinyume cha ubinadamu. Siku hiyo utumwa haukwisha, wala si kila tajiri alitii mara moja. Lakini mimi natoka pwani ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, tena kwa kushinikizwa na manowari za Waingereza. Nilihesabu miaka kwa vidole: tofauti ni miaka 457. Nikanyamaza.

Jamhuri hiyo ilidumu kwa akili zaidi kuliko kwa mizinga. Tangu karne ya 15 iliwalipa Waturuki kodi, ducati 12,500 za dhahabu kila mwaka, na kwa malipo hayo meli na misafara yake ilipita kwa usalama katika nchi zote za Sultani. Tarehe 6 Aprili 1667 tetemeko la ardhi likaubomoa mji, likaua maelfu, pamoja na mkuu wa mwezi ule. Wakaujenga upya. Nyumba za Stradun zinazofanana leo kama pacha ni za baada ya tetemeko hilo, kwa amri ya serikali: kimo kimoja, duka chini, makazi juu. Mwaka 1808 jeshi la Napoleon likaivunja jamhuri, na ikawa mwisho wa hadithi ya mkuu wa mwezi mmoja.

Sasa nije kwenye yaliyo karibu.

Jioni moja bibi mwenye nyumba alinipeleka dirishani akaniambia nitazame mapaa. Nikaona vigae vyekundu kila upande. Akaniuliza naona rangi ngapi. Nikasema moja. Akaniambia nitazame tena. Kweli, vipo vichache vilivyofifia, rangi ya udongo uliochomwa na jua kwa miaka mingi, na vipo vingi sana vyenye wekundu mkali. Akasema: vilivyofifia ni vya zamani, vyekundu ni vya baada ya vita.

Wengi wenu mnakumbuka Yugoslavia ilivyovunjika. Tarehe 1 Oktoba 1991 jeshi la Yugoslavia, kutoka nchi kavu na baharini, lilianza kuishambulia Dubrovnik na vitongoji vyake. Maji na umeme vikakatika. Mji huo ulikuwa umeingizwa mwaka 1979 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na bendera ya UNESCO ilipandishwa juu ya kuta ili wapigaji waione. Tarehe 6 Desemba 1991, siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, makombora yaliangukia ndani ya mji wa kale tangu alfajiri. Baadaye wataalamu walihesabu: kati ya majengo 824 ya mji wa kale, asilimia 68 yalikuwa yamepigwa, na tisa yaliteketea kwa moto. Zaidi ya raia 80 waliuawa katika eneo la Dubrovnik. Maelfu ya vitabu vya maktaba ya kituo cha vyuo vikuu yakawa majivu. Mahakama ya kimataifa ya The Hague iliwahukumu makamanda wawili: Admirali Miodrag Jokić miaka 7, mwaka 2004, na Jenerali Pavle Strugar miaka 8, mwaka 2005, ambayo ilipunguzwa nusu mwaka katika rufani ya 2008. Miongoni mwa makosa yaliyowatia hatiani ni kuharibu majengo ya ibada, elimu na historia. Kwa hiyo kuupiga mzinga ukuta wa kale ni jinai mbele ya dunia, na mtu amefungwa kwayo.

Bibi yule alikuwa humo humo. Alikaa chini, katika stoo ya mafuta na divai, pamoja na majirani wa kichochoro kizima. Anasema kitu asichoweza kukisahau ni sauti ya vigae vikimiminika ngazini kama sahani zilizoangushwa. Walipotoka, walifagia. Kisha wakaanza kujenga. Mafundi mawe walirudi kazini, misaada ikaja kutoka nchi mbalimbali, na mwaka 1998 UNESCO ikaiondoa Dubrovnik katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukuta wenyewe unatunzwa na chama cha raia kilichoundwa mwaka 1952, na fungu la fedha za tikiti za kupanda juu yake, ambazo siku hizi ni zaidi ya euro 30 kwa mtu, limekuwa likitumika kuukarabati. Nililipa nikiguna. Nilipokwisha kuuzunguka sikuguna tena, maana sikuona jiwe lililolegea.

Hapo nikaikumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ambayo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati ikitengenezwa, watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile halikupigwa na mzinga wa adui. Lilipigwa na mvua, na miaka, na barua zisizojibiwa.

Basi nikamwambia bibi, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu, kwamba wao wamefaulu. Mji umesimama, wageni wanamiminika, fedha zinaingia. Akanitazama kama mtoto aliyekosea hesabu. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanipitisha katika kichochoro chake mlango baada ya mlango. Hapa alikaa mshonaji. Sasa ni vyumba vya kupangisha. Hapa alikaa mwalimu. Watoto wake wameuza, wako nje ya kuta. Hapa palikuwa na muuza nyuzi na vifungo. Sasa wanauza kumbukumbu za ule mchezo wa televisheni uliopigwa picha mjini humo kuanzia mwaka 2011, na wageni wengi hudhani kuta zilijengwa kwa ajili yake. Kabla ya vita, ndani ya kuta waliishi watu wapatao 5,000. Leo hawafiki 2,000. Asubuhi meli kubwa za kitalii zinashusha watu kwa maelfu, hata njia ya Stradun haipitiki. Baraza la mji lilipozidiwa lilikubaliana na makampuni ya meli, na tangu mwaka 2019 zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Jioni meli zinaondoka. Wakati wa baridi, anasema, kuna usiku ambapo katika kichochoro kizima taa inayowaka ni yake peke yake.

Akamaliza kwa kuniambia kwamba makombora hayakumtoa mtu hapa, walikaa na kufagia. Bei nzuri ndiyo iliyowatoa.

Juu ya lango la ngome ya Lovrijenac, iliyoko juu ya mwamba nje kidogo ya kuta, wazee wao walichonga maneno ya Kilatini yenye maana kwamba uhuru hauuzwi vema hata kwa dhahabu yote ya dunia. Sasa, uhuru hawakuuza. Nyumba, je?

Nikaona hapa ndipo pa kumweleza habari ya Lamu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye haki kwamba ndugu zangu wanataka kumuuzia mgeni nyumba ya babu. Nilitegemea aseme, "Msiuze kamwe!" Badala yake akaniuliza swali moja, "Nani anakaa humo sasa?"

Wasikilizaji, nilitafuta jibu la kuniokoa sikulipata. Hakaa mtu. Nyumba imefungwa tangu shangazi yetu alipofariki. Kuna mzee anayeshika ufunguo na kufungua mara moja kwa juma. Darini wamo popo. Boriti mbili zimeoza. Vile viti vya mawe vya dakani, alipokuwa babu akipokea wageni na kuamua kesi za majirani, sasa hulalia mbuzi. Sisi warithi saba tumetawanyika Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Muscat, na kila sikukuu tunatumiana picha za nyumba hiyo na kuandika chini yake, "Kwetu."

Bibi yule akasema taratibu, "Basi huyo mgeni hatawatoa. Mmekwisha kutoka."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikwenda kuwashitaki wanunuzi, nikarudi mshitakiwa. Nilikuwa nimejitayarisha kuja hapa kwenye maikrofoni niwaambie habari za wageni wenye fedha wanaomeza miji yetu ya kale, na ni kweli wanaimeza. Tembeeni Lamu na Shela mkahesabu. Lakini kabla ya mgeni kununua nyumba, lazima awepo mwenyeji aliyekwisha kuiacha. Mji una wenyewe kwa kukaliwa, kwa moto kuwashwa jikoni, kwa ugomvi wa kichochoroni, kwa mtoto kutumwa dukani. Hati iliyo sandukuni Nairobi haitoshi. Hata kutajwa na UNESCO, kama Lamu ilivyotajwa mwaka 2001, hakutoshi. Jina katika orodha huzuia mtu kubomoa ukuta, lakini halimlazimishi mtu kulala ndani yake.

Wala sitawalaumu wanaouza. Mtu mwenye mtoto wa kusomesha na mama wa kutibu, ukimwambia asiuze kwa ajili ya historia, mwambie pia atakula historia kwa mboga gani. Watu wa Dubrovnik wa zamani wasingetoa wito mtupu. Wangepima. Kwa hiyo hilo ndilo nililoliona linafaa kuombwa na mabaraza ya miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko: wekeni mkono wa jiwe hadharani. Amueni, kabla nyumba ya mwisho haijageuzwa hoteli, ni nyumba ngapi katika kila mtaa zitalaza wageni na ngapi zitalaza wenyeji. Ushuru wa mgeni uonekane ukirudi kwenye paa linalovuja la mwenyeji. Na kipimo kiwe kimoja kwa mwenye cheo na asiye na cheo. Dubrovnik ilikumbuka kupima baada ya watu zaidi ya nusu kuondoka. Sisi tungali na nafasi, ingawa siyo kubwa.

Niliporudi nilimpigia kaka yangu. Nikamwambia mimi siuzi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wazungu wamekwambia hivyo?" Nikamjibu kwamba aliyeniambia alinitukana kwanza. Nikaeleza nilichofikiri: binti wa dada yetu anafundisha shule huko huko Lamu na amepanga chumba cha watu, apewe orofa ya chini akae na mumewe bila kodi. Orofa ya juu ikitengenezwa ipangishwe kwa wageni kwa miezi ya msimu, na mapato yaingie katika boriti na chokaa mpaka nyumba isimame sawasawa. Na kuanzia mwezi huu kila mrithi atoe fungu lake, na wa kwanza ni mimi.

Kaka yangu ni mtu wa forodhani. Amekaa katika bandari maisha yake yote na maneno mazuri hayamlewesha. Akasema, "Hotuba tumeisikia. Tuma pesa, nikiziona nitawaita wenzako."

Nimezituma siku ya Jumatatu. Jana usiku ameniarifu kwamba wawili kati ya wale watano wameomba wafikiri tena, na watatu wangali na mnunuzi. Fundi amepanda darini, amehesabu boriti, na idadi yake ni mbaya kuliko tulivyodhani. Lakini mpwa wangu amekwisha kupeleka jiko lake, na juzi magharibi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, taa imewaka dirishani Mkomani. Jirani mmoja alibisha hodi kuuliza kuna nini.

Hadi juma lijalo, wakati kama huu, kwaherini.